Imebaki Vifungo Tu

Mlango tuliouacha ukibamizwa wiki iliyopita bado unatikisika kwenye bawaba zake. Na aliyeubamiza, msomaji wangu, si upepo.

Mama Pindo alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi. Alikuwa ameshona nguo za watu tangu ujana wake, lakini hajawahi kuhudhuria shindano la namna hii: watu wanakusanyika ukumbini Ijumaa, kila mmoja na wazo lake la biashara, wanalihangaikia, na Jumapili wanalionyesha mbele ya majaji. Jumamosi hiyo asubuhi alipewa dakika moja aeleze lake. Alikuwa amefika hapa tu:

"Ndugu zangu, sisi mafundi wa nguo ni waongo..."

Ndipo mlango ulipobamizwa na sauti ikajaa ukumbi mzima.

"Muongo mwenyewe!"

Mama Pindo hakuhitaji kutazama. Sauti ile aliifahamu kuliko mlio wa cherehani yake. Ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, fundi mwenzake wa chumba kimoja. Wateja walikuwa wamembandika jina, na jina likamganda kama gundi: Bi Kesho.

"Wifi, shuka hapo!" Bi Kesho alikuwa akipita katikati ya viti, mkoba wake ukigonga vichwa vya watu. "Shuka kabla sijapanda!"

"Wifi, nakuomba. Nina dakika moja tu."

"Dakika moja ya kunivua nguo mbele za watu?"

"Sijakutaja jina."

"Hujanitaja! Nani mwingine ana wifi anayeumwa ugonjwa wa ukweli? Nani alimwambia yule bibi harusi kwamba gauni lake halijakatwa?"

"Lilikuwa halijakatwa."

"Ndiyo! Lakini wewe ukamwambia!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kila neno lilitua kwenye kila sikio. Kwenye viti vya nyuma mtu alianza kucheka, akajiziba mdomo na daftari.

"Alilia, wifi," Mama Pindo alisema kwa upole.

"Angelia siku ya harusi kama watu wengine! Wewe ukamliza mapema. Mimi nilishamtuliza. Nilimwambia kama anavyoambiwa mteja yeyote mwenye heshima zake: gauni liko tayari, imebaki vifungo tu."

"Wifi, lile gauni lilikuwa la zipu."

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Wakaanza kupiga makofi, na makofi yakazidi, na mshereheshaji, bwana mmoja mwenye shati la kumetameta, akapanda jukwaani akifuta machozi.

"Jamani! Jamani! Tangu asubuhi tunasikia hotuba, na hawa mama zetu wametuletea igizo! Nani hapa hajawahi kuambiwa 'njoo kesho' na fundi?"

Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Mnaona? Tatizo wamelionyesha, tena kwa sauti! Mama, timu yenu ni ya watu wangapi?"

Mama Pindo alifungua mdomo aseme ukweli, kwamba yuko peke yake, kwamba tangu jana amezunguka meza zote akitafuta mwenzi na kila meza imemwambia imejaa. Masharti ya shindano yalikuwa wazi: asiyekuwa na mwenzi mpaka chai ya saa nne, anaaga.

Lakini mshereheshaji alishajijibu mwenyewe.

"Wawili! Timu ya wawili, imepita! Makofi!"

Bi Kesho alikuwa amekuja kumburuta wifi yake kwa mkono. Sasa alisimama katikati ya ukumbi anapigiwa makofi na watu asiowajua, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu azaliwe. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Taratibu, kama mtu anayejaribu kofia dukani, akainama kidogo kuwashukuru.

Walipofika kwenye korido, aliikunja tena sura yake.

"Usidhani yamekwisha."

"Sijadhani, wifi."

"Chumba kile ni cha baba yangu. Nilikukaribisha wewe na cherehani yako kwa sababu umeolewa na kaka yangu. Sikukukaribisha unifukuzie wateja."

"Wateja wanaondoka kwa sababu ya hizo kesho zako."

"Wangu wanaondoka, wanarudi! Wako wewe wanaondoka moja kwa moja."

Mama Pindo alijua hilo ni kweli, na kweli hata ikikuuma lazima uiache ipite.

Kwa msomaji aliyeingia leo, nieleze kidogo. Mama Pindo hakuzaliwa malaika. Miaka mingi aliimba wimbo mmoja na wifi yake: njoo kesho, imebaki pasi tu, imebaki vifungo tu. Mpaka asubuhi moja yuko nyumbani, amepiga magoti anasali, simu ikalia. Akaipokea hapo hapo alipopiga magoti. Mteja akauliza nguo yangu iko wapi. Naye akajibu bila kupepesa macho: "Hapa niko kwenye cherehani, naimalizia." Akakata simu, akarudi kwenye sala. Maneno hayakuja. Alikaa pale, magoti yakamuuma, maneno hayakuja. Alipoinuka alikuwa ameweka nadhiri: kuanzia siku ile hatamwambia mteja "kesho" isipokuwa ni kesho.

Wazo lake la shindano lilizaliwa siku hiyo. Mteja atazame simu yake aone nguo yake imefika wapi: imepokelewa, imekatwa, imeshonwa, inatiwa vifungo, imepigwa pasi. Ukweli mtupu, bila kumpigia fundi simu, bila fundi kuapa.

"Sikiliza," Bi Kesho alisema, sauti imeshuka. "Mimi si mtu mbaya. Kwa kuwa wamenipigia makofi, nakaa. Ukishinda hapa, nitakubali huo ukweli wako uingie chumbani kwa baba yangu. Nitausema hata mimi. Ukishindwa, Jumatatu unachagua: unarudi kusema 'kesho' kama sisi wote, au unabeba cherehani yako."

"Wifi!"

"Nimemaliza. Chai iko upande gani?"

Hawakuifikia chai. Mbele yao alisimama kijana mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa na simu mbili. Alikuwa mshauri wa mashindano, mtaalamu wa programu za simu, na kazi yake ilikuwa kupita kila timu kuulizia kazi imefika wapi. Watu walimwita Miwani, naye aliitika.

"Mama zangu, hongereni. Niambieni basi, programu yenu imefikia wapi?"

Mama Pindo alivuta pumzi. Alitaka kusema: mwanangu, hatuna programu, tuna karatasi niliyochora kwa chaki ya kukatia nguo.

Lakini kuna swali ambalo Bi Kesho hajawahi kuliacha lifike chini. Mtu akiuliza "imefikia wapi", ulimi wake unaruka wenyewe, kama goti linalogongwa na daktari.

"Iko tayari! Imebaki vifungo tu!"

Miwani alishika ukuta.

"Vifungo tu?"

"Vifungo tu."

"Yaani kurasa zote zipo? Sehemu za kubonyeza tu ndizo mnazomalizia?"

"Tunamalizia," Bi Kesho alisema kwa heshima, hajaelewa hata neno moja. "Si kazi kubwa. Nikikaa chini ni mara moja."

"Mama unashona... unaandika programu mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Sijawahi kuona!" Miwani alishaanza kuondoka mbiombio. "Wengine hapa hata jina la programu hawajalipata!"

Mama Pindo alimshika wifi yake mkono.

"Wifi, umejua anasema vifungo gani?"

"Si vifungo? Vya shati, vya koti, vifungo ni vifungo."

"Vya kwenye simu! Vile vya kubonyeza! Umemwambia tuna programu nzima!"

Bi Kesho alifikiri kidogo. "Basi tumwambie uzi umekwisha."

"Wifi, hivyo vifungo vyako vitatuletea kifungo."

"Acha woga. Ninachojua mimi, mtu ukimwambia imebaki vifungo, anakwenda zake na furaha. Umeona alivyokwenda?"

Ni kweli alikwenda na furaha, na kila alipopita aliisambaza. Kabla chai haijapoa, vijana wawili wa timu ya jirani walimjia Bi Kesho wakitembea kama watu wanaokwenda kuungama. Wao walikuwa na programu ya kuwaambia watu lori la taka liko mtaa gani. Haikuwa inaliona lori. Wala mtaa.

"Mama, samahani," alisema mkubwa wao, msichana mwenye kitambaa cha njano kichwani. "Tumesikia Miwani amekuulizeni mkamjibu akaondoka anacheka. Sisi akitufikia tumwambie nini?"

Bi Kesho alijiweka sawa kwenye kiti.

"Mlikuwa mnataka kumwambia nini?"

"Kwamba bado."

"Toba! Usiseme 'bado' katika maisha yako. 'Bado' ni neno la mtu aliyeshindwa. Sema 'imebaki'. Ukisema 'bado', mtu anaiona kazi yote iko mbele. Ukisema 'imebaki', anaiona iko nyuma."

Vijana walitazamana.

"Na akisema anataka kuiona?"

"Unashangaa. 'Ulikuwa wapi jana? Mbona nilikutafuta!' Hapo anaanza kujitetea yeye."

"Akikasirika?"

"Mtazame juu mpaka chini. Mwambie amepungua, itabidi mpime upya."

Msichana aliandika. "Kupima upya. Hiyo hata majaji wanaipenda."

Meza ya jirani ilisogeza viti. Kisha nyingine. Muda si mrefu Bi Kesho alikuwa amezungukwa, anakunywa chai ya watu wengine, anafundisha aina za kukohoa kabla ya kujibu simu. Na Mama Pindo, pembeni, ameinamisha kichwa.

"Ee Mungu," alinong'ona, "nilikuja hapa kuupunguza uongo. Sasa umefunguliwa darasa."

Nani alimsikia, sijui. Lakini majibu yalikuja haraka, na hayakuja kwa sura aliyoitarajia.

Miwani alimaliza kuzunguka. Meza ya lori la taka: imebaki vifungo tu. Meza ya kukodisha ngazi za kupandia: imebaki vifungo tu. Meza ya kuwakumbusha watu dawa zao: walikuwa wamekwisha, imebaki vifungo, tena viwili. Alipanda jukwaani karibu kulia kwa furaha, akamnong'oneza mshereheshaji, na mshereheshaji akachukua kipaza sauti.

"Ndugu washindani! Miaka yote ya mashindano haya hatujawahi kuona jambo kama hili. Timu zote ziko tayari siku moja kabla! Sasa hatuna sababu ya kusubiri Jumapili. Tumempigia simu malaika. Amekubali. Anakuja leo hii, saa nane!"

Ukumbi uliganda. Kikombe cha mtu kilianguka.

Lakini Mama Pindo hakuwa akiwaza programu. Alikuwa amesikia neno moja tu. Vinyweleo vya mikono yake, vile vyembamba tunavyoviita malaika, vilimsimama kabla ya huyo mwenzao wa jina kufika.

"Binti yangu," alimwuliza yule msichana wa kitambaa cha njano, "amesema nani anakuja?"

"Malaika, mama."

"Hapa? Kwenye viti hivi vya plastiki?"

"Anakuja kila mwaka."

Mama Pindo alitazama viatu vyake, kama avivue.

"Si huyo unayemdhani, mama," msichana alimwahi. "Ni mtu. Tajiri anayewasaidia watu wanaoanza biashara, kabla mtu mwingine hajawaamini. Ndiyo maana wanamwita malaika."

"Na ana haki gani ya kujiita hivyo?"

"Hajajiita. Wameitana huko huko."

Saa nane malaika alifika. Hakuwa na mabawa. Alikuwa na tumbo, fimbo, na shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni bila tai. Mzee wa watu, mpole, aliyeketi mstari wa mbele akawatazama wote kama babu anayengoja wajukuu wamwimbie.

"Nani anaanza?" mshereheshaji aliuliza.

Hakuna aliyetikisika. Kisha, kama waliopanga, timu zote zikageuza shingo upande mmoja.

"Waanze mama zetu," alisema kijana wa lori la taka. "Wao ndio walimu."

Bi Kesho alimpiga wifi yake kiwiko. "Nenda. Mwambie kesho."

"Siwezi."

"Wifi, neno moja! Halina hata jasho! 'Mzee, kesho.' Atakwenda nyumbani, sisi tutatafuta namna. Ukisema vingine tunafungasha leo, na Jumatatu unajua ilivyo."

Alijua ilivyo. Mama Pindo alipanda ngazi za jukwaa akiliona akilini lile dirisha la chumba anakoshonea, na alama nne sakafuni ilipokaa miguu ya cherehani yake miaka yote ile. Neno moja tu. Hata kwenye sala mtu anaruhusiwa kusema kesho.

"Karibu, mama," alisema malaika. "Nimeambiwa nyinyi ndio mko mbele kuliko wote. Iko tayari?"

Hata feni ya ukutani ilionekana kusikiliza.

"Haiko tayari, mzee."

Bi Kesho alifunika uso na mkoba.

"Imebaki nini?" malaika aliuliza.

"Haijabaki kitu. Haijaanza. Nina karatasi hii niliyochora." Aliiinua, na vumbi la chaki likamwagika. "Sijui programu inaandikwaje. Nilikuja nikidhani nitampata anayejua, nikakosa. Sitaki kukwambia uongo, maana wazo lenyewe ni la kuzuia uongo. Nikianza nao, nitakuwa nimekata nguo kwa mkasi butu."

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba ndiyo iliyomdanganya.

Na huko chini, Bi Kesho hakuweza kuvumilia. Aliona cherehani inatoka mlangoni, aliona kaka yake akimuuliza umemfanyia nini mke wangu. Ulimi ukaruka.

"Mzee, usimsikilize, ni uchovu! Iko tayari! Imebaki vifungo tu!"

Malaika aligeuka polepole. Fimbo yake ilianguka, hakuiokota.

"Rudia hapo, mama."

"I... imebaki vifungo tu?"

"Sauti hiyo," alisema malaika, "naijua. Uso siujui, maana kitambaa nilimtuma dereva alete, pamoja na vipimo. Lakini sauti hiyo naisikia kwenye simu tangu mvua zile za mwaka jana. Mama, suti yangu iko wapi?"

Msomaji, kuna kimya cha msikitini, kuna kimya cha kanisani, na kuna kimya cha fundi aliyekutana na mteja mahali pasipo na mlango wa nyuma. Huu ulikuwa wa tatu.

Mshereheshaji, ambaye Mungu hakumpa akili ya kunyamaza, alimpelekea Bi Kesho kipaza sauti.

Vijana wote walimtazama mwalimu wao. Sasa wangeona ustadi wenyewe. Angekohoa? Angeshangaa? Angemwambia mzee amepungua?

Bi Kesho alikohoa. Alifungua mdomo. Akamwona wifi yake kule juu, amesimama na karatasi yake ya chaki, hana mtu wa kumtetea isipokuwa yeye.

"Mzee," alisema, na sauti haikuwa ile ya kwenye simu. "Nilikata vibaya."

"Nini?"

"Mkono wa kushoto wa koti. Niliukata mfupi. Siku ile ile kitambaa kilipofika."

"Siku ile ile! Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Dereva wako alinieleza kwamba kitambaa ni cha marehemu baba yako, alikinunua akafa hajakishona. Nilikaa na mkasi mkononi mpaka jua likaingia. Ulipopiga simu, nikasema vifungo. Ulipopiga tena, nikasema vifungo. Baadaye sikuweza kusema kingine." Alifuta pua. "Watu wanadhani fundi anadanganya kwa dharau. Mimi nilikuogopa, mzee."

Mama Pindo alishuka ngazi moja bila kujua. Miaka yote ya kushona wakitazamana, na wifi yake hajawahi kumwambia neno hilo.

Malaika alifunika uso kwa kiganja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakadhani analia, kumbe anacheka.

"Baba yangu naye alikuwa fundi," alisema. "Unadhani kwa nini kitambaa chake chenyewe kilikaa miaka bila kushonwa? Alikuwa anajiambia kesho." Aliokota fimbo yake. "Sikilizeni. Programu, huyu kijana wa miwani atawaandikia, nitamwambia mimi. Ninachotaka kujua ni kama nyinyi wawili mnaweza kusema siku na siku hiyo ikafika. Koti lenye mkono mfupi ni koti. Koti la kesho si koti. Ongezeni kipande, tieni kiraka, sijali. Kesho saa nane nitapanda jukwaa hili nivae suti yangu mbele ya watu wote. Nikiivaa, mmeshinda. Nisipoivaa, mmeaga. Nani ananiahidi?"

Bi Kesho alifungua mdomo, lakini safari hii hakuna kilichotoka. Aliinamisha kichwa.

Mama Pindo alimwonea huruma mpaka moyo ukamuuma. Tangu aweke nadhiri yake hakuwa amelitamka lile neno kwa mteja hata mara moja. Lakini mkono wa koti ni nini kwake? Kazi ya asubuhi moja. Neno likiwa kweli, si dhambi.

Alinyanyua kipaza sauti, akasimama wima.

"Mimi nakuahidi, mzee. Mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Kesho."

Ukumbi ulilipuka. Vijana waligonga meza. Malaika aliinua fimbo juu kama aliyepiga mnada. Mama Pindo alishuka anapepea, akamkumbatia wifi yake.

"Umesema ukweli, wifi! Mbele za watu! Twende tukalichukue hilo koti sasa hivi, tukae tushone pamoja. Liko wapi, chini ya meza yako?"

Bi Kesho hakumkumbatia. Alikuwa amesimama kama mti.

"Wifi," alisema, "mbona uliahidi bila kuniuliza?"

"Si mkono tu?"

"Mkono ulikuwa mwanzo. Niliogopa mzee atakuja kupekua chumba. Nikatafuta mahali pa kuificha suti ambapo hakuna mtu, hata awe askari, atathubutu kupekua." Aliutazama mkoba wake. "Unakumbuka zawadi niliyokushonea sikukuu iliyopita?"

Mama Pindo alikumbuka. Kimto cheusi, kizuri, chenye mshono usioonekana. Kila alfajiri hupiga magoti juu yake kuwaombea watu wote, na huyu wifi yake anamtaja wa kwanza.

"Wifi... ile foronya..."

"Ndiyo koti. Nililikata vipande."

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Mama Pindo alishika kiti. Alihisi magoti yake, yale yale, yanaanza kumwasha.

"Na suruali? Niambie suruali ni nzima, wifi. Niambie angalau suruali ipo."

"Ipo," alisema Bi Kesho. "Wewe ulidhani ndani ya kile kimto nilijaza pamba?"